Bubu Aenda Kuposa Kidichi

Mudrik mwenyewe hakatai: mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Wajinga wengine walikuwepo, tena watu wazima wenye kanzu zilizopigwa pasi, lakini wao walikuwa wajinga wa kusaidia tu. Mwenye shughuli yake hasa alikuwa Mudrik wa Mpendae, dereva wa teksi, aliyekwenda kwenye posa yake mwenyewe akidhani hatajulikana.

Unguja mtu hajiposei. Hupeleka wazee, naye hubaki nyumbani akajifanya amelala, moyo umemkaa kooni, mpaka wazee warudi na jibu. Mwenye kiherehere zaidi huenda akajibanza kwa jirani, na hapo tayari watu watamcheka. Ama kuingia ndani ya ua wa mkweo siku ile ile ya posa, umevaa kapelo na miwani ya jua, ukajiita dereva, hilo hata watoto wa chuo cha Kurani wanajua kuwa ni aibu.

Na si kwamba hakuonywa. Alionywa na Shahida, mposwa mwenyewe.

Lakini kisa kianzie kwenye gari, maana bila ya gari kusingekuwa na kisa. Mudrik alikuwa ameendesha teksi ya petroli miaka nenda miaka rudi, gari kuukuu lililokuwa likikohoa kama mvuta kiko na kunywa kama ngamia aliyetoka safari. Alilihudumia mpaka likamkondesha yeye. Siku petroli ilipoadimika kisiwani, alilala nalo kwenye foleni mpaka mbu wa pale wakawa wanamjua kwa jina. Hapo ndipo alipoapa. Akaliuza, akauza na Vespa ya marehemu baba yake, akajibana miezi, akanunua gari dogo la umeme la Kichina: kimo cha gari la shamba, urefu wa gari la mjini, rangi ya embe bichi. Halikuwa gari la tajiri. Viti vya kitambaa, milango inayolia kibati ukiifunga kwa hasira. Lakini kwa njia za Mji Mkongwe lilikuwa kama limeshonwa kwa kipimo. Pale Shangani ambapo magari makubwa ya wageni hukwangua kuta, lenyewe hukunja vioo vyake vya ubavuni kama paka aliyelaza masikio, likapita.

Kasoro yake ilikuwa moja: halisikiki. Mtu anatembea katikati ya njia ananunua muhogo kwa macho, gari liko nyuma yake hana habari. Ilimbidi Mudrik atoe kichwa dirishani kila baada ya nyumba mbili tatu. "Hodi jamani! Hodi, niko nyuma yenu!" Kama mtu anayeingia majumbani mwa watu. Ndiyo maana madereva wenzake wa kituo cha Malindi wakaliita Bubu.

"Yakhe Mudrik," walikuwa wakimwambia, "leo umelichaji au umelinyonyesha?"

"Chekeni. Nyie mnanuka petroli, mie nnanuka udi."

"Usilipeleke mbali lakini. Likifika Amani litataka kulala."

Alicheka nao. Mtu aliyekwisha kulala foleni na mbu hakasirishwi na maneno ya kituoni.

Shahida alimjua kwa sababu ya Bubu hilo hilo. Shahida alikuwa mtengeneza malai, za ubuyu, za embe na za tende, akizigandisha katika friza lake kwao Kidichi na kuzipeleka mjini kwenye skuli na kwenye maharusi. Magari mengine yalimfikishia malai zimekuwa sharubati. Bubu lina kiyoyozi cha kweli. Malai zilifika zimesimama wima. Aliyeyeyuka ni Mudrik.

Shahida alikuwa ameshaolewa mara moja, akaachika, akarudi kwao, na hakuwa na haraka na mwanamume yeyote. Mudrik alichukua muda mrefu kubeba maboksi yale kabla hajaambiwa, siku moja pale Darajani, "Haya, kama una neno, pita mlangoni. Walete wazee." Akataka kuruka. Shahida akamzuia kwa kidole.

"Nisikilize vyema. Baba yangu ana neno moja. Akisema hapana Jumamosi, Jumapili ni hapana, na mwakani ni hapana. Wameshakuja watu wawili kabla yako, na wote walikwenda zao. Basi wazee wako walete kwa gari yoyote nyengine. Wewe baki Mpendae. Na hilo Bubu lako baki nalo."

"Bubu kakosa nini?"

"Baba alikuwa dereva wa lori."

Mudrik akaona hiyo ni bahati. Dereva kwa dereva, watakosa kuelewana kwa lipi?

Wazee wake walikuwa wawili. Shangazi yake, Bi Mwanakhamis, mwanamke mwenye ulimi wa kukata kamba, na ami yake, Mzee Borafya, mtu mpole asiyejua kusema uongo hata wa kumtoa mtu hatarini. Ilipofika siku yenyewe likazuka suala la nani ataendesha. Mzee Borafya maisha yake yote alipanda Vespa. Kumpa Bubu dereva mwengine Mudrik hakutaka. Kukodi gari nyengine, na Bubu limekaa mlangoni linang'aa? Kituoni angejibu nini?

"Ntakuwa dereva tu, shangazi," alisema. "Sishuki, sisemi. Mie na usukani."

"Mudrik, wewe tokea kuzaliwa hujawahi kunyamaza. Leo utaweza kwa kuwa umevaa miwani?"

"Naye mzee hajaniona hata siku moja."

"Hajakuona ndiyo, na laiti ingebaki hivyo hivyo."

Na kosa la pili, maana la kwanza halipendi kutembea peke yake: asubuhi hiyo Mudrik hakulichaji gari. Alikuwa amewapeleka wageni Kendwa na kurudi, na aliporudi, badala ya kwenda nyumbani, akalipitisha kituoni ili wale waliokuwa wakicheka wakae ndani wapoe. Wakakaa. Wakapoa mpaka wakaomba kupelekwa makwao mmoja mmoja. Alipowapakia wazee baada ya sala ya alasiri, kijipicha cha betri mbele yake kilikuwa kimebakisha mstari mwembamba kama ukucha. Akakitazama, akakifunika kwa mkono, akasema bismillahi.

Walifika Kidichi vizuri. Ua wa kina Shahida ulikuwa mpana, umezungukwa na midalasini na mikarafuu ya marehemu babu yake mzaa mama, ambaye nyumba ile na shamba lile vilikuwa vyake. Chini ya mfenesi kulikuwa na lori, au tuseme kulikuwa na kutu yenye umbo la lori. Halina magurudumu, halina vioo, na kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa ameatamia mayai. Kivuli pekee cha uani kilikuwa hapo, basi Mudrik akaliegesha Bubu ubavuni mwa lori, yule mzee wa kutu na kijana wa rangi ya embe wakasimama bega kwa bega.

Mzee Ubwa, babake Shahida, alitoka barazani akawakuta wageni wamesimama mlangoni kwake. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mmekuja kwa miguu?"

"Kwa gari, sheikh," alisema Mzee Borafya.

"Gari? Sikusikia gari mie."

"Ndiyo lile pale."

Mzee Ubwa akalitazama Bubu kama mtu aliyeletewa mbuzi hana masikio. "Linaumwa?"

"La, ndivyo lilivyo. La umeme."

"Mh," alisema Mzee Ubwa, na ile mh yake ikamfikia Mudrik ndani ya gari, nyuma ya kioo, nyuma ya miwani. "Karibuni ndani. Na dereva wenu?"

"Dereva atakaa," Bi Mwanakhamis aliwahi. "Kazoea."

Wakaingia. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi, na Mzee Ubwa alikuwa na sauti ya mtu aliyezungumza nusu ya umri wake na injini inanguruma mapajani. Mudrik akashusha kioo kidogo, akawasha kiyoyozi kwa joto alilokuwa nalo, akategesha sikio.

Kwanza zikaja habari za afya, za mvua na za bei ya karafuu. Kisha shangazi yake akaingia kazini.

"Kijana wetu, Mzee Ubwa, sitaki kumsifia, ni damu yangu. Lakini haya zake zimepita kiasi. Hata leo tumemwacha nyumbani amejifungia chumbani, hata uso hakutuonyesha."

Mudrik alijishusha kwenye kiti.

"Si mtu wa papara," shangazi aliendelea. "Si mtu wa kujionyesha."

Alijishusha zaidi.

"Na kazi yake?" aliuliza Mzee Ubwa.

"Teksi. Ndiyo ile iliyotuleta. Yake mwenyewe, halali yake."

Kisha Mzee Ubwa akakohoa, na mtu aliyemjua angetambua kuwa sasa anataka kuhadithia. "Nyie mmeliona lile lori langu pale nje. Enzi zile mie nikitoka Mwera, hapa wanajua nnakuja. Watu wanaepua vyungu, wanasema, Ubwa huyo! Mwanamume husikika, Bi Mwanakhamis. Lori lile ndilo lililonileta katika ua huu, na marehemu mkwe wangu alinisikia kabla hajaniona. Sasa mtu mzima na akili zake ataniambia nimwozeshe binti yangu kwa gari lisiloweza hata kutisha kuku?"

Moyo wa Mudrik ukaenda miguuni. Akatazama mbele, na kijipicha cha betri, ambacho kiyoyozi kilikuwa kimekinyonya muda wote huo, kilikuwa sasa kinapepesa rangi nyekundu. Akaona yote mara moja, kama mtu anavyoona ndoto: wazee wanatoka, Mzee Ubwa anawasindikiza kwa adabu, na Bubu linasimama pale pale uani, mbele ya macho yake, halitaki kwenda. Hata ile hapana isingehitaji kutamkwa.

Wakati huo Bi Mayasa, mamake Shahida, alitokea jikoni na sahani iliyofunikwa kawa na gilasi ya maji ya ukwaju. Kwake yeye dereva wa mgeni ni mgeni.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kula. Mie siachi dereva na njaa, nami nimeolewa na dereva." Akamtazama, akaitazama miwani, akaitazama kapelo iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. "Macho yanakuuma?"

"Jua, Bi Mkubwa."

"Hapa pana kivuli."

Mudrik akameza ukwaju. Kisha, kwa kuwa hofu ilishinda akili, akasema, "Bi Mkubwa, nna ombi. Naomba umeme kidogo. Wa kunifikisha mjini tu."

Bi Mayasa akacheka. "Watu huomba maji! Haya, chukua. Mgeni hanyimwi. Kwani litakula nini na lenyewe dogo hivi? Pitisha waya wako dirishani jikoni, ubavuni mwa friza pana tundu moja liko bure."

Hapa ndipo penye ujinga wa watu wawili kwa wakati mmoja, ila wa Bi Mayasa unasameheka. Yeye alidhani gari ni kama simu: mgeni huchomeka, hunywa chai, huchomoa, na nyumba haihisi kitu. Mudrik alijua vyema kuwa Bubu likianza kula halina adabu ya ugenini. Na alijua pia, kama anavyojua kila mwenye nyumba Unguja, kuwa umeme wa nyumba unatoka kwenye mita ya tukuza, ulipe kwanza ndipo uwake, na watu wengi huweka uniti chache chache kama chumvi. Angeuliza tu, "Zimebaki ngapi?" Hakuuliza. Alichomeka, akarudi garini, kijisanduku cha waya kikawasha taa ya kijani, na moyo wake ukarudi mahali pake. Kiyoyozi hakukizima. Akala pilau yote.

Baada ya muda ikasikika sauti kutoka ndani, nyembamba, pii, pii, pii. Mita ya tukuza ndiyo hiyo, inawalilia wenyewe kuwa uniti zinakwisha. Mzee Ubwa alidhani ni simu ya Bi Mwanakhamis na akasubiri kwa heshima aipokee. Bi Mwanakhamis alidhani ni ndege wa shamba. Na Mudrik, aliyeshiba, aliyepoa, aliyelaza kiti nyuma kidogo, alidhani ni gari lake linamshukuru. Alitabasamu kabisa. Bubu kapata sauti, alijisemea, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Ya ukumbini alikuja kuhadithiwa. Inasemekana kuwa shangazi yake alikuwa ameshamlainisha mzee kwa nasaba, kwa dua na kwa kumkumbusha kuwa binti mwenyewe ameridhia. Mzee Ubwa alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea tasbihi, na neno lake moja limefika kwenye ncha ya ulimi. Alifungua mdomo. Akasema, "Basi mie..."

Feni ikasimama.

Ilizunguka mara ya mwisho kivivu, ikanyamaza, na joto la Kidichi likaingia ukumbini kama mgeni wa tatu. Kutoka jikoni, lile friza la malai likajikunyata, likakata roho.

"Tukuza imekwisha!" Shahida alipiga kelele jikoni.

"Imekwishaje?" Mzee Ubwa alisimama. "Juzi tu nimeweka!"

"Baba, kuna waya hapa si wetu!"

Wakatoka wote. Mzee Ubwa akaushika waya ule kwa ncha ya bakora, kama mtu aliyekuta nyoka amelala, akaufuata: kutoka ubavuni mwa friza, ukapita dirishani, ukakatisha ua, ukaruka kinu, ukapita chini ya lori la kutu ambapo kuku alikuwa akiutazama kwa jicho moja, mpaka ukaingia puani mwa Bubu. Na ndani ya Bubu, kiyoyozi kinavuma taratibu, dereva alikuwa amelala chali. Miwani imemteremkia kidevuni. Anakoroma.

Mzee Borafya alisogea, masikini ya Mungu, kwa nia njema kabisa. Akagonga kioo.

"Mudrik! Mudrik mwanangu, amka! Umemaliza umeme wa watu!"

Mzee Ubwa akauachia waya.

"Mudrik?" alisema Mzee Ubwa polepole. "Yule Mudrik aliyejifungia chumbani?"

Bi Mwanakhamis hakupepesa jicho. "Na ndicho chumba chenyewe hiki. Kina magurudumu tu."

Mudrik aliamka akaona nyuso zimejaa kwenye kioo kama watu wanaotazama maiti. Akashuka. Kapelo akaivua, akaivaa, akaivua tena. "Shikamoo mzee," alisema, na Mzee Ubwa, kwa kuwa salamu hairudishwi nyuma, akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

Pembeni, Shahida alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kanga ameiuma kwa meno. Alikuwa amemjua tokea gari linaingia. Nani mwengine angevaa miwani ya jua chini ya mfenesi? Sasa haikujulikana kama analia au anacheka, ila mabega yalikuwa yakimtikisika. Mkononi alikuwa na malai moja ya ubuyu, na ilikuwa imeshaanza kudondoka.

"Hizi za harusi ya kesho," alisema. "Friza zima. Kama umekuja kuniposa ama kunifilisi, nambie mapema."

Mudrik hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akatoa simu, akauliza namba ya mita, akanunua uniti nyingi kuliko zilizowahi kuingia nyumba ile kwa mara moja, akamtajia Shahida tarakimu naye akazibonyeza. Feni ikaanza kuzunguka. Friza likashtuka, likatetemeka, likanguruma.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Ubwa. "Sauti ya kwanza ya maana niliyoisikia tokea mlipofika."

"Mzee, nisamehe," Mudrik alianza. "Kosa ni langu, si la gari. Gari lingechajiwa asubuhi lingekwenda na kurudi mara..."

"Nyamaza kidogo, bwana dereva." Mzee Ubwa alisimama katikati ya ua, baina ya lori lake na Bubu, akaikita bakora chini. Sauti ilikuwa inapanda sasa, ile ya kutoka Mwera. "Miaka yangu yote nimeona gari likiishiwa mafuta njiani. Sijaona gari likiingia jikoni kwa watu likajipakulia! Watu huenda kuomba mke na kitu mkononi. Nyie mmekuja kuomba mke mkaanza kwa kutuzimia feni. Na mposaji mwenyewe yumo! Kajificha! Anasikiliza anavyosifiwa haya!"

"Haya anazo, mzee mwenzangu," Mzee Borafya alijaribu. "Ndiyo maana alivaa miwani."

"Ami, basi," alinong'ona Mudrik.

"Mie sina ugomvi na umasikini," Mzee Ubwa aliendelea. "Nna ugomvi na kitu kisichosimama kwa miguu yake. Gari la mwanamume haliombi. Halikai ubavuni mwa friza la mtu likanyonya. Lile pale," akalielekezea bakora lori, kuku akashtuka akainua shingo, "lile halikuwahi kumwomba mtu kitu. Liliingia ua huu linanguruma, na mie juu yake, na marehemu mkwe wangu akajua kuwa amekuja mtu! Sasa nisikilizeni. Mnajua mie nna neno moja."

Shahida aliacha kutikisika. Aliiachia kanga, akatazama chini. Malai ilikuwa ikimdondokea miguuni nyekundu, tone baada ya tone, naye hakuiondoa. Mudrik alimwona, na hapo tu, siku nzima ile, ndipo alipoacha kufikiria gari. Angeambiwa achague angelirudisha lile la kikohozi, akalala foleni na mbu mwaka mzima, ili tu lile neno lisitoke.

"Neno langu," alisema Mzee Ubwa, "ni kwamba..."

"Subiri, mume wangu," alisema Bi Mayasa.

Hakupaza sauti. Alikuwa amekaa kitako kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi mlangoni mwa jikoni muda wote ule, ameshika sahani tupu ya pilau aliyoirudisha dereva, anaitazama ilivyofutwa safi.

"Nakusubiri nini, Mayasa? Nnasema na wageni."

"Unasema na wageni, na mie nnakusikiliza. Nimekusikiliza habari za lori hili tokea niko mwari. Linanguruma, linasikika, watu wanaepua vyungu. Kweli tupu. Ila kila ukihadithia hufika uani ukanyamaza, na mwisho wake hujawahi kuusema mbele ya mtu."

"Hayo ya zamani."

"Ya zamani ndiyo yale pale, kuku anaatamia." Bi Mayasa akainuka, akaipangusa kanga yake. "Shahida, itupe hiyo malai, nenda kamtilie mkwe wangu chakula chengine, na wazee wake wapakulie, watakula hapa." Kisha akamgeukia mumewe, na Mudrik anaapa mpaka leo kuwa hata friza lilipunguza sauti ili lisikie.

"Gari la mwenzio limeomba umeme, limekula tokea alasiri, limelipa na limenyamaza. Lori lako liliingia hapa likafia hapo hapo, ukaomba maji, ukaomba chakula, ukaomba pa kulala, ukaniomba na mie. Mpaka leo unakula shamba la baba yangu, Ubwa, na kunguruma hujaacha."